Nyumba ya Wazima

Mwanne Nasri alikuwa ameshachoka kabla gari halijatoka Bukene, na asubuhi yenyewe bado mbichi. Kulala alikuwa amelala vibaya, hilo kweli; chumba cha nyumba ya wageni kilipakana na stesheni, na kitanda kilikuwa na bonde katikati. Lakini uchovu wake haukuwa wa kitanda. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyetumia nusu ya umri wake kuuliza watu maswali yale yale, akaitikiwa kwa heshima zote, na hadi leo hajui majibu yote yale yalikwenda wapi.

Kazi yake ilikuwa udadisi. Majirani zake wa Ng'ambo, Tabora mjini, walipenda kumtania kwamba ndiye mwanamke pekee wa mtaa ule anayelipwa kwa umbea, na yeye huwajibu kwamba wao wanafanya umbea bure, nani mjinga? Alianzia kwenye sensa, akiwa msichana aliyetoka tu shuleni. Baada ya sensa ukaja utafiti wa kilimo, ukaja wa vyandarua, ukaja wa mapato ya kaya, na kila ulipokuja yeye alikuwemo, maana alikuwa na subira na hakuogopa mbwa. Mkataba ukiisha alirudi nyumbani kutarizi vitambaa na kukaanga vitumbua, mpaka simu ilie tena. Mumewe, fundi seremala, alishatangulia mbele ya haki. Binti yake Najiat aliolewa Kaliua, na kila akipiga simu alimuuliza mama yake lini atatulia. Mwanne alimjibu kwamba magoti yameshatulia, bado yeye mwenyewe.

Safari hii walikuwa wanapima afya. Si afya ya mtu mmoja mmoja, ingawa mizani walibeba. Walikuwa wanapima nchi imefika wapi katika ile ahadi ya kwamba kila mtu atapata matibabu anayoyahitaji, na kwamba hatafilisika kwa kuyapata. Kwenye mafunzo waliambiwa kwamba mambo ni hayo mawili tu, yaliyobaki yote ni matawi. Mwanne, ambaye mafunzoni huwa anasinzia kwa adabu huku macho yakiwa wazi, siku ile alisikiliza. Aliona kwamba kwa mara ya kwanza wenye kuuliza wameuliza jambo la maana. Swali moja hasa lilimkaa moyoni: je, katika wiki nne zilizopita, kuna mtu wa kaya hii aliyehitaji matibabu akayakosa?

Basi akalibeba swali lile kama mtu aliyebeba yai, akaenda nalo vijijini. Na vijiji vikamjibu: hapana.

Nyumba hadi nyumba, hapana. Mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe alimwambia hajakosa matibabu, kwa kuwa uzee hauna dawa. Mwanamke anayechechemea alisema mguu huo ni wa zamani, si wa wiki nne. Na juu ya hayo yote kulikuwa na adabu, ile adabu ya watu wa huku ambayo Mwanne aliijua kwa kuwa ni yake pia: ukiulizwa habari, habari ni nzuri. Nyumba inaweza kuwa imetoka makaburini jana, ukiuliza habari za hapa utaambiwa nzuri tu, ila tumefiwa. Ile "ila" ndiyo yenye habari, lakini kwenye kishikwambi alichojazia majibu hapakuwa na mahali pa kuiweka. Kwa majibu ya wiki ile, watu wa tarafa nzima walikuwa wazima kuliko malaika, na Mwanne alikuwa amechoka nao.

Nyumba ya mwisho ya siku ile ilikuwa ya Shigela Lugembe. Mwenyekiti wa kitongoji aliwaonyesha kwa kidole akiwa bado njiani, akaenda zake mnadani. Dereva wao, mtu wa makamo aitwaye Silasi, aliegesha gari kwenye kivuli cha kihenge, akavuta kofia usoni. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, karanga zimeanikwa juu ya turubai, na mwenye nyumba, kijana wa miaka kama thelathini hivi, alikuwa anakaza kamba ya jembe la ng'ombe. Alipoona mgeni aliiacha kamba, akafuta mikono kwenye suruali, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri tu. Karibu kigoda."

"Wazima wote?"

"Wazima kabisa, mama. Tunashukuru."

Mwanne akakaa, magoti yakalia. Akajieleza ametoka wapi na amekuja kwa lipi, akamsomea yale maneno ya kuomba ridhaa, na Shigela akakubali kila kitu kabla sentensi haijaisha. Wakaanza na watu wa kaya. Mume, Shigela. Mke, Recheli. Watoto wawili, wameenda kwa bibi yao. Na kichanga, ambacho hakijapata jina.

Hicho kichanga ndicho kilichokuwa kinalia ndani. Mwanne alikisikia tangu anaketi, akadhani kitanyamaza. Hakikunyamaza. Kililia, kikapumzika, kikalia tena, na katikati ya vilio hivyo hakukusikika sauti ya mtu kubembeleza, wala kitanda kulia kwa mtu kugeuka. Mwanamke aliyezaa anaijua sauti hiyo. Mtoto mchanga halii hivyo mama yake akiwa karibu na ana nguvu za kunyoosha mkono.

"Mtoto ana njaa huyo, baba."

"Mama yake kalala. Ni mzazi, kajifungua juzi juzi tu hapa."

"Hajambo lakini?"

"Hajambo. Mwili unachemka kidogo." Shigela aliangalia chini. "Ila mzazi si mgonjwa, mama."

Kumbe hivyo. Mzazi si mgonjwa. Ni kweli, ndivyo wasemavyo, na Mwanne mwenyewe alishawahi kusema hivyo kwa wakwe zake. Mwanamke aliyejifungua yuko kwenye kazi ya watu, haumwi. Kwa hiyo ukimuuliza mumewe kama kuna mgonjwa ndani, atakuangalia machoni na kukujibu hakuna, na hatakuwa amekudanganya.

"Naweza kumwona?"

Shigela alisimama. Hakufanya ukali, alisogea tu mpaka akawa kati yake na mlango. "Kwetu, mama, mzazi haonwi na mtu wa nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Utatusamehe."

Mwanne akamsamehe, maana na yeye alikuwa na mwiko wake. Mdadisi haingii ndani asikokaribishwa. Hatoi ushauri, hatoi dawa, hatoi ahadi; anauliza, anaandika, anashukuru, anaondoka. Alikuwa ameyawekea sahihi maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba mkono uliyajua. Akashusha macho kwenye kishikwambi kutafuta swali linalofuata, na mtoto akalia tena, safari hii kwa sauti ndogo zaidi.

Pengine Shigela alitaka tu kuyaondoa mazungumzo pale mlangoni. Akauliza, kama watu wanavyouliza, "Mama, wewe hasa mtu wa wapi? Maana Kiswahili hicho ni cha Tabora mjini."

"Wa Tabora, Ng'ambo. Ila asili yetu Uzaramo. Babu wa babu yangu alikuja huku na msafara, miguu ikavimba, wenzake wakarudi pwani, yeye akaoa akabaki."

"Mzaramo!" Uso wa kijana yule ulifunguka kama dirisha. "Yaani nimemwamkia Mzaramo shikamoo! Irudishe, mtani, irudishe shikamoo yangu sasa hivi!"

"Sirudishi. Nimeshaila."

"Ndiyo mlivyo. Kula tu. Jembe hamlijui, mnajua ngoma na kucheza bao mpaka jua linazama."

"Na nyie wapagazi, babu zenu walipita kwetu na pembe kichwani, wakiomba maji kila nyumba. Mpaka leo hatujalipwa kata zetu za maji."

Shigela akacheka, na Mwanne akacheka, na kwa muda mfupi uchovu ukamtoka. Utani wa Mnyamwezi na Mzaramo, wazee husema, ulizaliwa kwenye njia ile ile ya misafara, huko ambako watu walichoka pamoja, wakafa pamoja, na ilibidi wazikane bila kuwa ndugu. Mjini siku hizi umebaki wa harusi na misiba. Lakini sheria zake kila mtu anazijua. Mtani atakutukana mbele ya maiti wa baba yako na utacheka. Mtani ataingia kwako, atachukua jogoo bila kuomba, na ukinuna wewe ndiye utakayechekwa. Mtani hazuiwi mlango.

Mtoto alinyamaza. Si kwamba alibembelezwa, alichoka.

Mwanne alisimama, akaweka kishikwambi juu ya kigoda. "Mtani, tangu lini Mzaramo akapiga hodi kwa mpagazi?" Na akampita, akainama, akaingia ndani.

Joto la mle ndani lilikuwa na harufu, na harufu ile aliijua, na kwa kuijua akaogopa. Recheli alikuwa amelala ubavu, khanga imemgandia mwilini, midomo imekauka ikapasuka. Mtoto alikuwa pembeni yake, ameviringishwa kwenye kitenge, anafungua kinywa bila sauti. Mwanne alimwekea Recheli mkono kwenye paji la uso, akauondoa upesi. Yule mwanamke alifungua macho. Ilimchukua muda kumwona mtu, na alipomwona, akakusanya nguvu zote alizobakiza.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Sijambo, mama."

Alikuwa anakufa, na alikuwa hajambo. Mwanne alihisi hasira ikimpanda mpaka kwenye masikio, hasira isiyokuwa na wa kumpiga. Alimwinua mtoto, akamfunga kifuani kwa mtandio wake mwenyewe, akatoka nje.

"Mtani," alimwambia Shigela, "nimeiba. Huyu mtoto nimemteka, na mama yake ni mateka wangu pia. Nawapeleka hospitali Nzega. Ukiwataka utanifuata uwakomboe kwa jogoo, na asiwe kuku aliyekonda kama wewe."

Shigela alisimama pale pale. Alicheka kwanza, kwa kuwa mtani akisema unacheka, halafu kicheko kikakatika na akajifuta uso kwa mkono wote, kuanzia kiwiko. Ndipo yale yaliyokuwa hayasemeki kwa mgeni yakatoka kwa mtani. Walikuwa wameshafika zahanati. Muuguzi aliwaambia wasikae, wakimbie hospitali Nzega. Lakini kukimbia kunataka chombo. Mwenye pikipiki alikuwa amesafiri. Mwenye gari alitaja bei ya mtu anayejua kwamba una shida. Akatuma ujumbe kwa kaka yake Kaliua, kaka akasema ngoja niuze mpunga. Wakarudi nyumbani kungoja mpunga uuzwe, na kila siku Recheli alisema leo afadhali. Matibabu ya mzazi ni bure, hilo alilijua, tangazo lake limebandikwa ukutani na yeye kusoma anajua. Barabara ndiyo haikuwa bure.

"Kwa nini hukusema nilipokuuliza?" Mwanne aliuliza.

"Uliniuliza kama wazima, mama. Ningekuambiaje, na ndiyo kwanza unafika?"

Silasi alipoona wanakuja, mmoja kambeba mwenzake na wa tatu kafunga mtoto kifuani, alishuka garini akasimama mbele ya mlango. "Mama Mwanne, gari la kazi hili. Abiria hawaruhusiwi. Msimamizi Benjamini atanitafuna."

"Mwambie ulitekwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Fungua nyuma."

Silasi alimwangalia Recheli, akamwangalia kidogo tu, kisha akaanza kuyatoa maboksi ya mizani. Barabara ya vumbi iliwarusha njia nzima. Shigela alimshika mkewe kichwa kisigonge bodi, na Mwanne alimpa mtoto kidole chake kidogo anyonye, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa. Walipokaribia lami Recheli alifumbua macho, akanong'ona kitu. Mwanne akainama kumsikia.

"Mama, hatujajibu maswali yako."

"Yatangoja," Mwanne alisema. Alitazama nje ya dirisha muda mrefu ili uso wake usionekane.

Hospitalini walimpokea haraka, na hilo lisemwe maana ni kweli. Mganga wa zamu, dada mmoja mwembamba ambaye naye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha, alimpima, akaagiza dripu na sindano, akamwuliza Shigela mambo mawili matatu, na hakumkaripia. Alipotoka alimwambia Mwanne kwamba sumu ilikuwa imeshaanza kuingia kwenye damu. Kama wangesubiri tena kidogo, leo wangekuwa wanazungumza mengine. Mtoto alipewa maziwa, akalala. Shigela aliketi sakafuni kando ya kitanda, akaushika mguu wa mkewe, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imechukuliwa na mipira na plasta.

Msimamizi wao, Benjamini, alimkuta Mwanne Bukene jioni, kwenye benchi la mama ntilie, chai imepoa mbele yake. Benjamini alikuwa kijana msomi wa takwimu, mwenye sauti ya chini, na yeye pia wiki nzima hakuwa amelala vizuri. Mwanne alikuwa amejiandaa kugombezwa. Hakugombezwa.

"Silasi ameniambia," alisema akikaa. "Ningekuwa mimi, mama, ningempakia pia."

"Ahsante, baba."

"Lakini nyumba ile imo kwenye sampuli. Hatuwezi kuiacha, wala hatuwezi kuchukua ya jirani badala yake. Kabla hatujahamia Igunga itabidi urudi umalizie."

Mwanne alizungusha kikombe. "Nitarudi. Ila nataka iandikwe kama nilivyoikuta. Mwanamke alihitaji matibabu, akayakosa. Nimekikanyaga chumba, nimelishika joto lake kwa mkono huu. Wiki nzima tunaandika hapana, hapana, hapana. Hii moja iandikwe ndiyo."

"Hatuandiki tunachokikuta, mama. Tunaandika tunachojibiwa."

"Hata kama nimeona?"

"Hata kama umeona. Siku tukianza kuandika tunachokiona sisi, kila mdadisi ataandika nchi yake." Kisha akasema kwa upole, "Muulize yeye. Atakuambia."

Na Mwanne, kwa vile alikuwa mtu mzima, aliona kwamba kijana yule anasema kweli. Alikuwa ameshafanya kazi na wadadisi waliojaza majibu wakiwa wamekaa chini ya feni, kila mmoja na nchi yake. Tena aliona sababu ya kutumaini. Shigela hakuwa bubu. Alimweleza yote siku ile uwanjani, ya zahanati, ya pikipiki, ya mpunga wa Kaliua. Kilichobaki ni kuyasema tena, mara moja, mbele ya swali. Miaka yote aliyozunguka, kuanzia Sikonge hadi Igunga, hakumbuki kama alishawahi kulitamani jibu la mtu kama alivyolitamani hilo.

Alirudi siku ya mwisho ya eneo lile. Shigela alikuwa ametoka hospitali alfajiri kuja kuangalia ng'ombe na kuchukua unga. Alimwona Mwanne angali mbali, akampokea kwa mikono miwili, na jogoo alikuwa ameshafungwa miguu tayari, mwekundu, mnene, anamlaani kila anayepita.

"Mtani! Mateka wako anakula uji. Homa imeshuka. Mtoto ananyonya kama Mzaramo aliyeona pilau."

"Alhamdulillahi," Mwanne alisema, na machozi yakamlenga. Alifurahi, alifurahi kweli kweli, na kwa dakika moja alikuwa tayari kusahau kilichomleta. "Jogoo baadaye. Kwanza tumalize maswali yetu."

Wakaketi pale pale. Shigela alijiweka sawa, akafunga kifungo cha shati cha juu, kama mtu anayepigwa picha.

"Katika wiki nne zilizopita, kuna mtu wa kaya hii aliyeugua?"

"Yupo. Mke wangu, Recheli."

Moyo wa Mwanne ukaruka. Amesema. Hakusema mzazi, amesema aliugua. Akabonyeza, kishikwambi kikamfungulia mlango wa maswali mengine.

"Alipata matibabu?"

"Alipata. Tena mazuri sana."

"Wapi?"

"Hospitali. Nzega mjini."

"Alifikaje huko?"

"Kwa gari," Shigela alisema, na kidevu chake kilipanda kidogo. Kwenye kitongoji kile si kila mtu aliyempeleka mkewe hospitali kwa gari.

"Mlilipa nauli?"

"Hata senti."

"Dawa alizoandikiwa alizipata?"

"Zote."

Mwanne aliendelea kubonyeza, na kila alipobonyeza alizidi kuona kile kinachotokea, na hakuwa na namna ya kukizuia. Majibu yote yalikuwa ya kweli. Jibu kwa jibu, nyumba ile iliyokaribia kutoa jeneza ilikuwa inageuka kuwa nyumba bora kuliko zote alizozipita. Alipofika kwenye lile swali lake alivuta pumzi. Alilisoma taratibu, taratibu kuliko inavyoruhusiwa.

"Je, katika wiki nne hizo, kuna wakati wowote ambapo alihitaji matibabu akayakosa?"

"Hakukosa."

"Nalisoma tena. Wakati wowote."

"Hakukosa, mtani."

Mdadisi hamwelekezi mtu jibu. Mwanne alilijua hilo kuliko jina lake. Akaangalia nyuma, Silasi alikuwa anaangalia matairi, Benjamini hakuwepo. "Shigela, nisikilize. Hata kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla sijaja."

Kijana yule alimtazama kana kwamba amemwomba atende jambo la aibu. Akachukua karanga moja kwenye turubai, akaivunja, hakuila.

"Wewe umeingia ndani kwangu ukambeba mtoto wangu kifuani kwako," alisema. "Mke wangu yuko hai. Leo nikae hapa, mbele yako wewe, niwaambie waliokutuma kwamba mke wangu alikosa? Nitakuwa mtu wa namna gani? Niwe nimekula chakula cha watu, kisha niseme nilinyimwa?"

"Si kwamba mimi ndiye niliyekunyima..."

"Andika hakukosa. Kabla hujaja tulikuwa tunakungoja tu."

Mwanne alitaka kulia, na alitaka kumzaba kofi, na alitaka kumkumbatia, yote kwa pamoja, na hakuwa na nguvu hata ya moja. Alichokuwa nacho ni kidole. Akakishusha juu ya neno "hapana", kwa kuwa ndivyo alivyojibiwa, na nyumba ya Shigela Lugembe ikahesabiwa pamoja na nyumba ambazo nchi imeshazifikia.